Kijani cha Mkono wa Kambo

Mtu aliyezaliwa karibu na mgodi ana shaba katika damu. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Shaba hiyo hupanda na damu polepole, hufika kwenye kifundo cha mkono ambako ngozi ni nyembamba, na hapo hutoka nje ikiwa rangi ya kijani. Mwenye kijani kingi ni mtu wa nguvu. Kijani kikiisha, na mwenyewe ameisha, waiteni mafundi wa sanduku.

Usicheke. Niliamini hivyo kuliko nilivyoamini katekisimu, na katekisimu niliijua hata nikiwa nimelala.

Habari hizo nilizipata kwa kambo. Kwetu Lubumbashi kambo ni mzazi wa mzazi wako; huyu wangu alikuwa baba wa mama, mzee wa reli. Baba yake alishuka kutoka kaskazini kufuata reli, naye akaifuata hadi ikamzeesha. Alikuwa na koti la kazi lenye vifungo vya chuma alilolivaa Jumapili kama askofu, na kwenye mkono wa kushoto alivaa bangili ya shaba iliyosokotwa, nzito kama geti la parokia. Aliivaa kwa ajili ya maumivu ya viungo. Chini ya bangili ngozi yake ilikuwa ya kijani, duara kamili, kama mtu amemchora kwa rangi.

“Ona, mujukulu,” aliniambia siku moja akiisogeza bangili juu. “Hii njo shaba yetu. Inatokaka mu damu. Siku kijani itaisha, na miye naisha. Utabakia na bibi yangu, umupikie bukari.”

“Na miye niko nayo, kambo?”

“Weye? Uko nayo mingi! Usikojoe ovyo-ovyo, bachimbaji batakuya kuchimba pale.”

Kwetu kambo na mjukuu ni watani. Yeye aliniita mwivi wa wake, mimi nilimwambia kuku ana meno mengi kumshinda, na hakuna aliyekasirika. Hiyo ni haki ya wawili hao, mtu wa tatu haingii. Kwa hiyo yeye alikuwa anatania, na mimi nilikuwa nachukua kila neno na kuliweka kichwani kama maji ya baraka. Tena ushahidi ulikuwa kila mahali. Mama alikuwa anaosha mawe ya madini mtoni pamoja na wanawake wa mtaa, na beseni zake zilikuwa na ukingo wa kijani. Hata mbwa wa jirani, nakuapia, alikuwa anakojoa kijani. Labda naongeza kidogo kwa mbwa.

Basi nikafika darasa la nane, mkononi mwa prof wa sayansi.

Prof alivaa koti jeupe lenye kifungo kimoja. Alikuwa na neno lake: “Sayansi haiko mu buku, batoto. Iko mu mikono.” Shule haikuwa na chumba cha majaribio. Ilikuwa na kabati moja la mbao, na ndani ya kabati kulikuwa na hadubini isiyo na kioo, nyoka ndani ya chupa aliyepoteza rangi hadi akafanana na mkanda wa suruali, sumaku, nyaya na ampule, yaani balbu, za tochi. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa prof. Vingine vyote tulitoa nyumbani. Somo la mbegu, tulete maharagwe na makopo. Somo la wanyama, tulete vyura.

Siku ya vyura ndiyo iliyopaswa kunionya juu yake. Mwenzetu mmoja alilia alipoona chura amepasuliwa na bado anapiga mguu. Prof akamwita mbele, akamfungua kiganja, akamwekea yule chura humo. “Shikilia mupaka anyamaze,” akamwambia. “Na weye utanyamaza pamoja naye.” Mtoto akashika. Darasa lote tulicheka, maana aliyekuwa amesimama mbele hakuwa sisi.

Kisha ikaja wiki ya umeme.

“Juma ijayo,” prof akasema, “kila mutoto alete kintu kimoja cha ku nyumba. Tutaona nini inapitisha moto ya betri na nini haipitishe. Mwenye kuleta kintu chenye kitafanya ampule iwake kushinda yote, atachunga ufunguo ya kabati mupaka mwisho wa mwaka.”

Darasa likanyamaza kama kanisani wakati wa mageuzo ya mkate na divai. Ufunguo! Mwenye ufunguo angegusa sumaku, angepuliza vumbi la hadubini, angemsalimia nyoka. Nilikuwa nautamani ufunguo ule kuliko wali wa Noeli. Na papo hapo nikajua nitaleta nini. Wengine wangeleta misumari na vijiko. Mimi ningejileta mwenyewe.

Nilimweleza kambo. Alicheka hadi akashika mbavu, akavua bangili, akanivalisha. “Vaa juma muzima, ipande muzuri. Utabawakia kama taa ya treni.” Nikaivaa mchana, nikalala nayo, nikacheza mpira nayo kwenye jua. Siku ya somo nilipoisogeza, tazama: duara la kijani kwenye mkono wangu mwenyewe! Nilikaribia kulia kwa furaha. Shaba yangu ilikuwa imepanda. Ili nisikose, nikachukua pia jiwe moja la kijani kwenye beseni la mama, zuri, lenye mistari.

Prof alipanga meza yake: betri za redio zilizofungwa mstari mmoja kwa gundi ya karatasi, ampule ndogo, nyaya mbili zenye ncha wazi. Ubaoni akachora nguzo mbili, *Inapitisha* na *Haipitishe*. Msumari ukawasha. Sahani ya plastiki, giza. Kijiti kikavu cha kufagilia, giza. Binti wa mwenye duka, aliyekaa benchi la mbele, akatoa kijiko cha wageni cha mama yake, ampule ikawaka vizuri kabisa, na darasa likasema “Eeeh!”

Nikapeleka jiwe.

Prof akalipokea kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. “Sasa muangalie,” akasema. “Kijiko ni chuma ya bule. Hii ni shaba yenyewe, shaba ya Katanga! Mufunge macho kidogo, itabaumiza.”

Wengine kweli wakafunga macho. Prof akagusa jiwe kwa ncha za nyaya. Giza. Akaligeuza. Giza. Akalipangusa kwenye koti, akaligusa kwenye mistari, kwenye tumbo, kwenye mgongo. Giza la mgodini. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa Luano, na sauti yake ikafunika kicheko chetu, lakini haikufunika meno. Prof aliyaona meno yote.

Ndege ilipopita, akaniuliza polepole, “Hii jiwe ulitosha wapi?”

“Ku beseni ya mama, prof.”

“Mama yako anaosha uwongo basi.” Akalitupa dirishani. “Na ndani ya damu yenu, huko kwenye munaishi, kuko nini? Uwongo vilevile?”

Hapo mwenye akili angekaa. Mimi nikainua mkono.

“Prof, mu damu yetu kuko shaba.”

Sitasahau namna alivyotabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyepoteza kuku kisha akaona mbuzi anaingia uani peke yake.

“Kuya mbele, ndugu yangu. Kuya uonyeshe bantu.”

Nikaenda. Nikakunja shati, nikaonyesha kijani. Wale wa nyuma wakasimama juu ya mabenchi. Prof akachukua nyaya, akaweka ncha zote mbili kwenye ngozi ya kijani. Bangili ikateleza chini, ikagusa ncha zote mbili, na ampule ikawaka.

Ampule ikawaka, ndugu! Ikawaka kushinda kijiko, kushinda mataa yote ya katikati ya mji. Darasa likalipuka. Nilisikia jina langu likiitwa kama la mfungaji wa goli. Kwa pumzi moja nilikuwa na ufunguo shingoni, na nilishaanza kufikiri nitamwambia nini nyoka.

“Prof,” akasema binti wa mwenye duka, kwa sauti ndogo na safi, “ni ile bangili.”

Prof akainama, akaitazama bangili.

“Tosha bangili,” akasema prof.

Nikaitoa. Akagusa tena ngozi. Giza.

“Ahaa. Mwivi!” Akawageukia wenzangu. “Munaona? Anakuya kuiba ufunguo yenu na bangili. Toa lulimi.”

“Prof?”

“Lulimi! Shaba kama haiko mu mukono, labda iko mu kinywa, kule kwenye uwongo inatokaka.”

Nikatoa ulimi. Akaweka ncha mbili juu yake. Kulikuwa na uchachu mkali, kama kulamba ndimu na sindano kwa mara moja. Ampule haikuwaka. “Ongeza betri,” akamwambia kijana wa benchi la mbele. Wakaongeza. Sasa nikaona miji ya mbali, Likasi, Kolwezi na mipaka yote ya nchi, machozi yakatoka yenyewe, mate yakashuka hadi kwenye shati. Giza. Wakaongeza tena. Darasa lilikuwa linahesabu kwa sauti, kwa furaha, kama siku ya kuvuta kamba.

Mwisho prof akachoka. Akaenda ubaoni, na katika nguzo ya *Haipitishe*, chini ya plastiki na kijiti kikavu, akaandika jina langu.

“Muandike bote,” akasema. “Huyu ni muti kavu. Hata shaba hana.”

Wakaandika. Ufunguo ukaenda kwa binti wa kijiko. Bangili, prof aliitundika ndani ya kabati na karatasi ndogo: *Shaba*. Nilipoiomba, alisema ni ya kufundishia.

Tangu siku ile jina langu likawa Muti Kavu. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula swali lilikuwa: taja vitu vitatu visivyopitisha umeme. Nusu ya darasa waliandika plastiki, kijiti na mimi. Walipewa alama zote. Mimi niliandika plastiki, kijiti na kioo, na wakati wa kurudisha karatasi prof aliniuliza mbele ya wote kama nimejisahau.

Lakini hilo lilikuwa la kucheka tu. La kutocheka lilikuwa nyumbani.

Kambo aliposikia, alivaa koti la reli, akafunga vifungo vyote, akaja shuleni. Aligonga mlango wa darasa katikati ya somo, kofia mkononi.

“Yambo, prof. Nakuya kuomba musamaha ya mujukulu. Na kama inawezekana, ile bangili. Mikono yangu inauma na baridi.”

“Yambo, muzee. Ingia, ingia! Ni weye ulimuambia mutoto kama damu yenu iko na shaba?”

Kambo akacheka. “Aa, ile ni mucheko ya kambo na mujukulu, prof.”

“Basi na shiye tucheke. Leta mikono.”

Nilitaka kupiga kelele. Kambo alidhani ni utani wa mtu mzima kwa mtu mzima. Akaweka kofia juu ya meza, akanyoosha mikono. Prof akachovya vidole vya mzee kwenye maji ya ndoo, akamshikisha nyaya. Betri zilikuwa zimeongezwa hadi zikajaa meza nzima. Mzee akarusharusha mabega kwa kuigiza, kama aliyepigwa na radi, ili watoto wafurahi. Watoto walifurahi. Ampule haikuwaka.

“Kambo, muti. Mama, muti. Mutoto, muti,” akasema prof. “Ni pori muzima!”

Darasa likaanguka. Kambo alicheka pamoja nao, lakini alikuwa ananitazama mimi, na kicheko chake kikaendelea kidogo baada ya wengine kunyamaza, kama gurudumu ambalo injini imeshazimwa.

“Na bangili, prof?”

“Shaba ni ya inchi, muzee. Haiko ya muntu. Funga mulango muzuri ukitoka.”

Alitoka. Njia nzima alitembea mbele yangu. Tangu siku ile hakuniita tena mwivi wa wake. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, kama karani. Kati ya kambo na mjukuu, hilo ni kama kufunga mlango.

Na kijani kikaanza kuondoka.

Kila asubuhi nilikwenda kumsalimia na kutazama mkono wake. Kwanza duara likapauka. Kisha likakatika upande wa juu. Yeye alikuwa ananawa na kupaka mafuta, hana habari. Mimi nilikuwa nahesabu maisha yake. Akili yangu ilikuwa imeshapanga kila kitu: zile nyaya zilimnyonya. Betri zilizojaa meza zilivuta shaba yake yote, ikaingia kabatini, na bangili peke yake ndiyo ingeweza kuirudisha. Ilibidi nipate ufunguo.

Nikamwendea binti wa mwenye duka wakati wa mapumziko.

“Nifungulie kidogo tu. Nitatosha bangili, utafunga.”

“Muti Kavu, utanipa nini?”

“Nini unataka?”

Alitaka nimbebee mfuko hadi dukani kwao. Nikaubeba, siku nyingi, kwenye vumbi la malori ya mgodi wa Kinsevere, yeye mbele na rafiki zake, mimi nyuma kama punda wa Jumapili ya Matawi. Kisha alitaka nisimame juu ya benchi na kuimba “Miye muti kavu, mama yangu muti, kambo yangu muti.” Nikaimba, beti zote, tena kwa sauti nzuri, maana nilikuwa kwenye kwaya. Wenzangu waliitikia. Kisha akachukua ufunguo, akafungua kabati mbele ya wote. Bangili ilikuwa pale, nzito, inang’aa. Nikanyoosha mkono.

Akafunga.

“Prof alikataza,” akasema. “Nilitaka tu uone.”

Baridi ya mwezi wa sita ilimkuta kambo na mikono iliyokunjika kama mizizi. Wakati wa mvua za kwanza alikuwa kitandani. Nilipoingia kuuaga mwili wake, amelazwa, amevaa koti la reli, wanawake wanaimba rozari, sikutazama uso. Nilitazama kifundo cha mkono wa kushoto. Ngozi ilikuwa safi. Hakuna hata alama.

Alikuwa amesema mwenyewe: siku kijani itaisha, na miye naisha.

Sikurudi shuleni. Nilimwambia mama kwamba masomo yamenichosha, nikaenda kuosha mawe naye, baadaye nikapakia magunia, baadaye nikaendesha pikipiki. Nilicheka sana miaka hiyo yote, mimi ni mtu wa kucheka, waulize abiria wangu, wengine walisahau kushuka. Lakini sikuvaa kamwe kitu cha shaba, na nilipopata homa nilikuwa naangalia mikono yangu kwanza.

Nikiwa na watoto wangu tayari, nikajiandikisha kwenye masomo ya mangaribi, yale ya jioni kwa watu wazima. Nani angejua kwamba watu wa mangaribi walikuwa wamekopeshwa madarasa ya shule ileile, chumba kilekile, kabati lilelile? Nilikaa kwenye benchi la mbele na magoti yangu yakagusa kidevu. Jirani yangu alikuwa polisi aliyesinzia kwa kelele, nyuma yangu mama mmoja alikuwa ananyonyesha huku akikopi. Prof wa zamani alikuwa ameshakwenda shule nyingine. Sayansi alitufundisha madame mmoja kijana, mwenye haraka, aliyekuwa amefundisha watoto tangu asubuhi na miguu ilikuwa inamuuma.

Tulipofika kwenye umeme, akanirushia ufunguo. “Papa, weye uko karibu. Fungua ile kabati, utoshe nyaya.”

Ndugu, nilisimama na ufunguo ule mkononi hadi polisi akaamka. Kisha nikafungua.

Kulikuwa na nyoka ndani ya chupa. Kulikuwa na kinyesi cha panya. Nyaya hakuna, sumaku hakuna. Kwenye msumari ilikuwa imebaki karatasi ndogo, *Shaba*, na chini yake hakuna kitu.

“Baliiba,” akasema madame, hata hakushangaa. “Mu huu muji shaba hailale. Basi, nitachora.”

Akachora. Alieleza waya, alieleza plastiki. Alieleza pia jiwe la kijani: kwamba shaba imo ndani yake imefungwa na vitu vingine, haipitishi umeme hadi itolewe kwa moto au dawa. Nilimwona mama na beseni lake, ambaye hakuwa ameosha uwongo hata siku moja. Basi nikainua mkono. Mkono uliinuka wenyewe, kama ule wa zamani.

“Madame, kambo yangu alikuwa na kijani huku, ku mukono. Prof moja alimushikisha nyaya, akabakia na bangili yake. Kijani ikaisha, na kambo akakufa. Ile moto ya betri inaweza kutosha shaba ya muntu mu damu?”

Polisi akacheka. Mama wa mtoto akacheka, na benchi zote zikafuata, na mimi nikacheka nao, kwa mazoea. Madame hakucheka. Alikuwa anafuta ubao, akageuka na kitambaa mkononi.

“Hapana, papa. Damu ya kila muntu iko na shaba kidogo sana, yako sawa na ya ule prof. Haiwashe ampule, na nyaya haiwezi kuitosha. Ile kijani ilitokaka ku bangili. Jasho inakula shaba, rangi inabakia ku ngozi. Ukitosha bangili na unanawa, inaisha. Kambo yako hakukufa na ile.”